Bournville: Kitongoji Kilichosimama Juu ya Hati

Birmingham imezungukwa na vitongoji vilivyozaliwa karibu wakati mmoja, mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, jiji lilipokuwa likifurika watu na moshi wa viwanda. Vingi vilijengwa kwa tofali jekundu la aina moja, vikahudumiwa na reli na tramu zilezile, na wengi wa waliohamia humo walitoka katika vichochoro vilevile vya katikati ya mji. Leo sehemu kubwa ya vitongoji hivyo imebadilika mno. Bustani za mbele zimesakafiwa ili magari yaegeshwe, na nyumba iliyojengewa familia moja imekatwakatwa ikawa vyumba vya kupangisha. Bournville, maili nne hivi kusini mwa kitovu cha jiji, haikufuata njia hiyo. Miti yake ingali imesimama, uwanja wake wa kati ungali wazi, na mistari ya nyumba zake bado inasomeka kama ilivyochorwa. Watu wanaoulizwa sababu hutaja moja kati ya mambo mawili: wema wa George Cadbury, mwenye kiwanda cha chokoleti, au ustadi wa msanifu aliyemwajiri. Hoja ya sura hii ni kwamba yote mawili yalikuwepo na hayakutosha. Kilichoilinda Bournville ni hati ya kisheria ya mwaka 1900, ambayo iliitoa ardhi mikononi mwa mwenyewe na kuifanya wakfu.

Familia ya Cadbury ilikuwa ya Waquaker, wale wanaojiita Marafiki, ambao wasomaji wa magharibi mwa Kenya wanawafahamu tangu misheni ya Kaimosi ya mwaka 1902. Nchini Uingereza Waquaker walikuwa wachache, na kwa muda mrefu vyuo vikuu vilifungwa kwao. Vipaji vyao vikaelekea kwenye biashara, na kwa kuwa wengi wao walichukia pombe, kakao iliwavutia kama kinywaji kinachoweza kushindana na bia. John Cadbury alifungua duka katika Bull Street, Birmingham, mwaka 1824. Wanawe Richard na George walirithi kiwanda mwaka 1861 kikiwa taabani, wakakiinua, na ilipofika mwaka 1879 walikihamishia mashambani, kando ya mfereji na reli. Jina walilolitunga lilichukua mto mdogo wa pale, Bourn, wakauongezea kiishio cha Kifaransa, kwa sababu chokoleti ya Ufaransa ndiyo iliyosifiwa siku zile. Hakukuwa na kijiji bado. Nyumba chache zilijengwa kwa ajili ya wasimamizi, na wafanyakazi wengi waliendelea kupanda treni kila asubuhi kutoka mjini.

Huko mjini walikotoka ndiko kulikokuwa na tatizo. Sehemu kubwa ya wafanyakazi wa Birmingham waliishi katika nyumba zilizojengwa zikiegemeana migongo: ukuta wa nyuma wa nyumba moja ndio ukuta wa nyuma wa jirani, kwa hiyo hewa na mwanga viliingia kwa upande mmoja tu. Familia kadhaa zilitumia ua mmoja, bomba moja la maji na vyoo vichache. Hadi Vita Kuu ya Kwanza inaanza, Birmingham ilikuwa bado na nyumba zaidi ya 40,000 za namna hiyo. George Cadbury aliyajua maisha hayo kwa karibu, kwa sababu kwa miongo mingi alifundisha darasa la watu wazima katika Severn Street, akiwasomesha wanaume maskini kuandika na kusoma Biblia, na aliwatembelea majumbani mwao. Alifikia uamuzi kwamba mtu anayekaa mahali kama pale hawezi kubadilishwa kwa mahubiri pekee, na kwamba dawa ilikuwa nyumba yenye nafasi na kipande cha udongo wa kulima.

Mwaka 1893 alinunua ekari 120 karibu na kiwanda, kwa fedha zake mwenyewe na kwa jina lake mwenyewe, si la kampuni. Jambo hilo la jina litakuja kuwa kubwa. Ujenzi ulianza mwaka 1895, na msanifu aliyepewa kazi, William Alexander Harvey, alikuwa kijana wa miaka 20 hivi. Harvey alizipanga nyumba mbilimbili, au tatu na nne kwa pamoja, akazisogeza nyuma kutoka barabarani, akabadilisha mapaa na madirisha ili mtaa usiwe kama mstari wa kambi ya jeshi. Nyumba haikuruhusiwa kuchukua zaidi ya robo ya kiwanja chake. Bustani ya nyuma ilitayarishwa kabla ya mpangaji kuhamia, udongo ukiwa umeshatifuliwa na miti ya matunda imeshapandwa. Hata nyumba ndogo kabisa ziliwekewa mahali pa kuogea, ama karai lililozamishwa chini ya sakafu ya jikoni ama bafu linalokunjwa na kufichwa kabatini. Kwa mfanyakazi wa mwaka 1895 hiyo ilikuwa heshima kubwa, na ni haki kumpa Harvey sifa yake.

Hata hivyo mpango wa kwanza ulikwenda mrama, na kushindwa kwake hakupewi uzito unaostahili katika simulizi nyingi za Bournville. Nyumba za mwanzo hazikupangishwa kwa mwezi. Ziliuzwa kwa bei karibu na gharama, kwa mikataba ya miaka 999, na wanunuzi walipewa mikopo ya riba ndogo. George Cadbury aliamini kwamba mfanyakazi akimiliki nyumba ataitunza. Kuitunza waliitunza, lakini baadhi yao waligundua upesi kwamba wameshika mali yenye thamani kuliko walivyolipa. Kitongoji kilipovuma, bei ya soko ikapanda, nao wakauza na kutia mfukoni tofauti. Faida iliyotokana na uwanja, bustani na jina jema la mahali pote ikaenda kwa mtu mmoja, na nyumba ikaenda kwa mwenye uwezo. Wema wa mwanzilishi ulikuwa uleule, michoro ya Harvey ilikuwa ileile, na bado ndani ya miaka isiyozidi mitano soko lilianza kula lengo la kijiji. Ushahidi huu unaipunguza nguvu ile dhana ya kwamba Bournville ni zao la moyo mwema na macho ya msanifu.

Jibu lake lilikuja Desemba 1900. Kwa hati moja George Cadbury alitoa ekari 330 na nyumba 313 kuwa mali ya Wakfu wa Kijiji cha Bournville, na tangu siku hiyo hakuwa mmiliki tena. Wadhamini walipewa masharti. Mapato yote ya kodi, baada ya matengenezo na gharama, yarudi kwenye kazi ya wakfu: kujenga nyumba zaidi, kununua ardhi zaidi, hapo au kwingineko. Sehemu ya kumi ya ardhi, mbali na barabara na bustani za watu, iachwe wazi kwa mapumziko na michezo. Kileo kisiuzwe bila ridhaa ya wadhamini wote. Kodi haikupangwa kama sadaka. Ililipa gharama na kuacha faida ya kiasi, kwa sababu mwanzilishi alitaka miji mingine ione kwamba jambo hili linawezekana bila kuomba. Familia ilibaki na viti miongoni mwa wadhamini, lakini hati iliweka pia nafasi kwa wajumbe wa Waquaker na wa baraza la jiji. Kuanzia hapo thamani iliyoongezeka katika ardhi ilikuwa na mahali pa kwenda pasipo mfukoni mwa mtu binafsi.

Tofauti na vijiji vingine vya viwanda inaonekana hapa. Titus Salt alijenga Saltaire huko Yorkshire kuanzia miaka ya 1850, na William Lever alianza Port Sunlight karibu na Liverpool mwaka 1888. Vyote viwili vina majengo mazuri, na kwa uzuri wa macho Port Sunlight pengine inaizidi Bournville. Lakini Lever alikuwa mwajiri na mwenye nyumba kwa wakati mmoja, na anayepoteza kazi katika mazingira hayo hupoteza na paa. Bournville haikuwahi kuwa ya wafanyakazi wa Cadbury peke yao. Uchunguzi wa mwaka 1901 ulionyesha kwamba ni kama wawili katika kila wenye nyumba watano waliofanya kazi kiwandani. Waliobaki walikwenda Birmingham au kwenye viwanda vya vijiji jirani. Mtu aliweza kugombana na msimamizi wake Jumatatu, akaacha kazi Jumanne, na Jumatano akaendelea kupalilia viazi vyake bila hofu. Uhuru huo ulitoka kwenye hati, kwa sababu aliyepokea kodi hakuwa ndiye aliyelipa mishahara.

Ushahidi mkubwa zaidi, hata hivyo, uko katika sheria za Bunge zilizokuja baadaye, ambazo zilizitikisa sehemu nyingi za Uingereza. Sheria ya mwaka 1967 iliwapa wenye mikataba mirefu haki ya kununua ardhi chini ya nyumba zao. Kila aliyenunua angeweza kufyeka ua wake na kufanya atakalo, lakini sheria yenyewe iliacha mlango kwa maeneo yenye utaratibu wa pamoja kuomba kibali cha kuendelea kusimamia sura ya mtaa. Bournville ilikuwa na chombo cha kuomba kibali hicho, na ikakipata. Kisha ikaja sheria ya 1980 iliyowapa wapangaji wa halmashauri haki ya kununua nyumba za umma kwa bei ya punguzo. Nyumba nyingi mno zilitoka mikononi mwa halmashauri kwa njia hiyo. Wakfu wa hisani haukuguswa na haki ile, kwa hiyo Bournville ilibaki na nyumba za kupangisha kwa kodi nafuu katikati ya nyumba za wenye mali. Mwaka 2003 taasisi ya Joseph Rowntree ilichapisha utafiti juu ya eneo hilo, ukaeleza kwamba wapangaji na wenye nyumba wanaishi mtaa mmoja bila ya mgawanyiko unaotarajiwa, na kwamba wakazi wanaridhika kupita kawaida. Leo mali ya wakfu huko Birmingham ni kama ekari 1,000 na nyumba karibu 8,000.

Kuna pingamizi linalostahili kujibiwa kwa uangalifu: kwamba Bournville haikuwafikia maskini wenyewe. Ni kweli. Aliyekuwa akilipa shilingi chache kwa nyumba ya mgongo kwa mgongo hakumudu kodi ya Bournville pamoja na nauli ya kwenda kazini. Waliohamia walikuwa mafundi, makarani, wasimamizi, watu wenye mshahara wa uhakika. Watetezi wa kijiji walipenda kuwapima watoto wa pale urefu na uzito na kuwalinganisha na watoto wa Floodgate Street, mtaa maskini wa katikati ya jiji, na tofauti ilikuwa ya kusikitisha. Ulinganisho huo haukuwa wa haki kabisa, maana mtoto wa fundi angekuwa mrefu kuliko mtoto wa kibarua hata wote wawili wangebaki mjini. Na leo bei za kununua katika mitaa ya zamani ya Bournville ziko juu ya uwezo wa wafanyakazi wengi. Hilo lakini linaonyesha nguvu ya soko mahali ambapo umiliki binafsi umeruhusiwa, na linazidisha thamani ya sehemu ile ambayo bado inapangishwa na wakfu. Pasingekuwa na hati, hata sehemu hiyo isingekuwapo.

Pingamizi jingine linahusu uhuru. George Cadbury alikuwa na maoni juu ya karibu kila kitu. Wapangaji walipewa kijitabu cha ushauri wa afya kilichogusa mpaka namna ya kupumua na aina ya vitanda vinavyofaa wanandoa. Hapakujengwa baa. Hadi leo mwenye nyumba anayetaka kubadilisha madirisha ya mbele au kuondoa ua wa mimea lazima aombe ruhusa kwa wakfu. Mtu anayeuona uhuru kama haki ya kufanya lolote ndani ya mpaka wake ataona mzigo hapa, na mzigo upo. Ila tutofautishe ushauri na amri, na amri ya mtu na kanuni ya mahali. Kijitabu kilikuwa ushauri. Hakuna aliyefukuzwa kwa sababu ya kitanda. Tangu mwanzoni mwa karne ya 20 wakazi walichagua baraza lao la kijiji, lililosimamia maonyesho ya bustani na kupeleka malalamiko kwa wadhamini. Kanuni za leo humhusu daktari na dereva wa basi kwa kiwango kilekile, na zimeandikwa mahali ambapo kila anayehamia anaweza kuzisoma kabla hajasaini. Mimi naona ni gharama halali kwa kivuli cha miti ya umri wa miaka 100. Baadhi ya wakazi hawaoni hivyo, na wana haki ya kubishana nao wadhamini hadharani, jambo ambalo wamekuwa wakilifanya.

Pingamizi la tatu ndilo zito, nalo linatoka Afrika. Bustani zile zilinunuliwa kwa faida ya kakao, na mwaka 1900, mwaka uleule wa hati, karibu nusu ya kakao iliyonunuliwa na Cadbury ilitoka São Tomé na Príncipe, visiwa vilivyotawaliwa na Ureno. Wachumaji wake walitolewa Angola. Wengine walikamatwa bara na kutembezwa hadi pwani, wakaandikishwa mikataba ya miaka 5 wasiyoielewa, wakavushwa bahari na wasirudishwe kwao. Kwa jina waliitwa vibarua. Kwa hali halisi walikuwa watumwa. Habari hizi ziliifikia kampuni mwaka 1901, zikiwemo nyaraka za shamba lililotangazwa kuuzwa ambamo watu walihesabiwa pamoja na mali nyingine. William Cadbury, mpwa wa George kwa ukoo wa kiumeni, alikwenda Lisbon mwaka 1903 na kupewa ahadi za mageuzi. Mwaka 1905 kampuni ilimtuma Joseph Burtt, naye Mquaker, visiwani na Angola kuchunguza. Mwandishi Henry Nevinson alikuwa ameshakwenda kwa gharama ya jarida na kitabu chake kilitoka mwaka 1906. Ripoti ya Burtt ilithibitisha ubaya huohuo. Hata hivyo kampuni iliendelea kununua hadi Machi 1909.

Miaka 8 ni mingi. Cadbury walieleza kwamba serikali ya Uingereza iliwaomba wasubiri, na kwamba wakiacha kununua watapoteza nguvu ya kuwashinikiza Wareno. Gazeti la Standard lilipowashambulia mwaka 1908 kwa unafiki, walilishtaki kwa kashfa. Kesi ilisikilizwa Birmingham Desemba 1909. Baraza la wazee wa mahakama liliwapa ushindi, likawapa na fidia ya robo ya peni, sarafu ndogo kuliko zote nchini. Ni vigumu kupata hukumu iliyosema mengi kwa fedha kidogo hivyo: gazeti lilivuka mpaka, nanyi mlichelewa. Nami nakubaliana na wazee wale. Tunapozitazama bustani za Bournville za miaka ile, ni lazima tuwaone pia watu wa Angola ambao hawakupewa hata kaburi lenye jina. Pingamizi hili linaubomoa kabisa utetezi wa Bournville kama tunda la wema wa mtu. Haliibomoi hoja ya hati, bali linaipa uzito. Mtu mwema, mwenye dini ya kweli na taarifa za kutosha, aliweza kusitasita miaka 8 penye faida ya kampuni yake. Mtu wa namna hiyo akiwa mwangalifu hufanya kama alivyofanya George Cadbury kuhusu ardhi: hujiondolea uwezo wa kusitasita.

Swali la nani anamiliki ardhi na kwa manufaa ya nani halikuwa geni kwa mgeni mmoja aliyeishi jirani na kijiji hicho. Woodbrooke, nyumba ya zamani ya George Cadbury huko Selly Oak, iligeuzwa chuo cha Waquaker mwaka 1903, na Jomo Kenyatta alisoma hapo mwaka 1931 hadi 1932, katika kipindi alichokuwa Uingereza akiitetea ardhi ya Wakikuyu. Alipotoka hapo alitoa ushahidi London mbele ya tume ya Carter, iliyokuwa ikichunguza madai ya ardhi nchini Kenya.

Turudi kwa kampuni, maana mwenendo wake wa baadaye unatoa kipimo. Kwa kuwa ilikuwa ya hisa, iliweza kununuliwa. Mapema mwaka 2010 Kraft ya Marekani iliichukua kwa kiasi cha pauni bilioni 11.5. Wakati wa kuwania ununuzi Kraft ilisema itakinusuru kiwanda cha Somerdale, huko Keynsham, ambacho tayari kilikuwa kimepangiwa kufungwa. Siku chache baada ya kushinda ikasema haitawezekana, na kikafungwa. Mwaka 2014 warithi wake, Mondelez, walisimamisha uzalishaji katika kiwanda cha Cadbury jijini Nairobi. Kiwanda cha Bournville kinaendelea, ingawa maamuzi yake makubwa hayafanywi tena Birmingham. Nyumba, bustani na viwanja vya kijiji havikuwemo katika mauzo yale. Havikuweza kuwemo, kwa sababu tangu 1893 havikuwa vya kampuni, na tangu 1900 havikuwa vya Cadbury yeyote.

Itasemwa kwamba mfano huu hauwezi kuigwa, kwani unamhitaji tajiri wa kutoa ardhi bure. Lakini uliigwa, na palipoigwa nusu nusu tunaona kilichopungua. Mkutano wa wanaharakati wa miji ya bustani ulifanyika Bournville mwaka 1901, ukimfuata Ebenezer Howard, ambaye hakuwa tajiri hata kidogo. Miaka miwili baadaye wakaanza Letchworth, kaskazini mwa London, kwa fedha za wanahisa wengi walioahidiwa gawio lenye kikomo. Mawazo yalikuwa yaleyale, na wasanifu walikuwa hodari. Ila ardhi iliwekwa ndani ya kampuni, na kampuni ina hisa, na hisa zina soko. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 kampuni iitwayo Hotel York ilizinunua hisa za kutosha kuishika Letchworth nzima, mitaa na mashamba yake, kwa lengo la faida. Wakazi walipigana kwa nguvu zote, na hatimaye mwaka 1962 Bunge lilipitisha sheria maalumu ya kuitoa ardhi ya mji huo mikononi mwa wanahisa na kuikabidhi kwa shirika la umma, miaka 62 baada ya George Cadbury kulifanya jambo hilohilo kwa kusaini karatasi.